Walatino kwenye skrini: kati ya hizi mbili, utazame ipi?

Aliyekulia Kenya au Tanzania penye runinga sebuleni anawafahamu Walatino, yaani watu wa Amerika ya Kilatini na wenye asili ya huko, tangu zamani, na amewafahamu kupitia telenovela. Mama zetu na shangazi zetu wamelia na wasichana maskini wa Meksiko, wamewalaani mama wakwe wa Bogotá, wamesubiri harusi ya Caracas miezi mingi bila kuchoka. Ndani ya telenovela kila mtu ni Mlatino: mwenye kiwanda na mfagiaji wake, daktari na mgonjwa, padri na mwizi. Hakuna anayelazimika kujieleza ametoka wapi, maana yuko kwao.

Mvushe mpaka mtu huyohuyo hadi Hollywood, mambo yanageuka. Kwa miongo mingi kazi yake ilikuwa kufua nguo za wenyewe, kukata majani, kuuza unga, au kumpenda shujaa mzungu kisha kufa kabla filamu haijafika katikati. Sensa ya Marekani ya 2020 ilihesabu Walatino zaidi ya milioni 62, karibu asilimia 19 ya watu wote wa nchi hiyo. Watafiti wa USC Annenberg, kitivo cha mawasiliano cha chuo kikuu kimoja cha Los Angeles, walipopitia filamu 1,300 zilizovuma kati ya 2007 na 2019, waliwakuta Walatino kwenye asilimia 5 tu ya wahusika wenye maneno ya kusema. Kwa sababu ya pengo hilo, kila filamu inayowahusu hubebeshwa mzigo wa kuwasemea mamilioni, na ndiyo maana naona inafaa kuchagua kwa makini nini cha kutazama.

Sioni faida ya kukupa orodha ya filamu kumi bora. Ni afadhali kuziweka mbili mbili, zile zinazogusana, maana nyingi kati ya zinazojulikana ni hadithi zilizosimuliwa mara ya pili na watu wengine. Ukizitazama bega kwa bega, unaona mara moja nani alishika kalamu.

West Side Story: ya 1961 au ya 2021?

Hadithi ni moja. Vijana wa Puerto Rico, kisiwa cha Karibiani kilicho chini ya Marekani, wanaojiita kundi la Sharks, na vijana wazungu wa Jets wanagombea mtaa wa Manhattan. Maria wa upande huu anampenda Tony wa upande ule. Walioitunga kwa ajili ya jukwaa mwaka 1957 walikuwa wanne: Leonard Bernstein, Stephen Sondheim, Arthur Laurents na Jerome Robbins. Hakuna aliyetoka Puerto Rico hata mmoja.

Filamu ya 1961 ilizoa Oscar 10, na kwa upande wa kucheza dansi sijaona inayoishinda. Lakini angalia nani yuko mbele ya kamera. Maria ni Natalie Wood, binti wa wahamiaji kutoka Urusi, na sauti inayoimba nyimbo zake ni ya Marni Nixon. Bernardo, kiongozi wa Sharks, ni George Chakiris, ambaye asili yake ni Ugiriki. Miongoni mwa wahusika wakubwa wa Sharks, aliyezaliwa Puerto Rico kweli ni Rita Moreno, mzaliwa wa Humacao, aliyeigiza Anita. Moreno amesimulia mara nyingi jinsi Sharks wote walivyopakwa rangi moja ya kahawia usoni, yeye akiwemo, kana kwamba kisiwa kizima kina ngozi ya aina moja. Uhusika huo ulimpa Oscar, akawa Mlatina wa kwanza kuipata kwa uigizaji. Baada ya hapo akaletewa wasichana wa magenge walewale, akawakataa, na kwa miaka kadhaa hakuonekana kwenye filamu kubwa.

Ya 2021 iliongozwa na Steven Spielberg, mswada ukaandikwa na Tony Kushner. Hapa Sharks wote ni Walatino. Maria ni Rachel Zegler, ambaye upande wa mama asili yake ni Kolombia. Anita ni Ariana DeBose, mwanamke mweusi ambaye baba yake ni wa Puerto Rico. Naye akaondoka na Oscar kwa uhusika uleule uliompa Moreno ya kwake miaka 60 nyuma. Mapema kabisa kwenye filamu, Jets wanaimwagia rangi bendera ya Puerto Rico iliyochorwa ukutani, watu wanapigana, polisi wanafika. Sharks wanaondoka taratibu wakiimba La Borinqueña, wimbo wa taifa lao, tena kwa maneno ya zamani ya kudai uhuru. Polisi wanabaki wamesimama. Dakika hiyo peke yake inakuambia hawa vijana wana nchi, wana historia, na wana hasira yenye sababu. Filamu ya 1961 haina kitu kama hicho.

Kuna Kihispania kingi, na kimeachwa bila maandishi ya chini. Spielberg alieleza kwamba hakutaka Kiingereza kipewe nguvu juu ya Kihispania. Msomaji asiyejua Kihispania asiogope. Nyuso na mikono vinasema, wala hupotezi mtiririko. Pia utaona kwamba mtaa wanaougombea uko mbioni kubomolewa ili Lincoln Center, jumba kubwa la sanaa, lijengwe, kama ulivyobomolewa mtaa wa San Juan Hill kweli. Pande zote mbili zinauana kwa ajili ya ardhi ambayo imeshachukuliwa.

Wimbo wa "America" ndio kipimo kizuri kuliko vyote. Mwaka 1961 uliimbwa usiku juu ya paa la ghorofa, wanawake wakiisifu Marekani na wanaume wakiwajibu kwa kebehi. Mwaka 2021 umeshushwa barabarani mchana kweupe, kati ya nguo zilizoanikwa, watoto na wapita njia. Ule wa kwanza ni onyesho la wachezaji mahiri. Wa pili unaonyesha mtaa ukiishi.

Kama ni moja tu, chukua ya 2021. Mpenzi wa kucheza atafute ile ya zamani walau kwa ajili ya Moreno juu ya paa, kisha amtazame tena kwenye mpya akikaribia miaka 90, safari hii kama Valentina, mjane mwenye duka, na akiwa mmoja wa watayarishaji. Hata hivyo ya 2021 nayo ni kazi ya wageni waliojifunza kwa bidii. Puerto Rico inatajwa sana, haionekani kamwe. Filamu iliingiza takriban dola milioni 76 duniani, chini ya gharama ya kuitengeneza, nami nilisikitika kwa sababu ilistahili watazamaji wengi zaidi.

Betty wa Bogotá au Betty wa Queens?

Hapa ndipo penye utajiri mwingi.

*Yo soy Betty, la fea* ilirushwa na kituo cha RCN cha Kolombia kuanzia Oktoba 1999 hadi Mei 2001, ikiandikwa na Fernando Gaitán. Beatriz Pinzón Solano, aliyeigizwa na Ana María Orozco, amesomea uchumi na fedha hadi shahada ya juu. Lakini ana miwani mikubwa, vyuma vya meno na nguo za kizee, kwa hiyo anakubali kazi ya ukatibu muhtasi katika kampuni ya mitindo iitwayo Ecomoda. Bosi wake, Armando Mendoza, anaharibu hesabu. Betty anamwokoa kwa kufungua kampuni ya pembeni iliyoandikishwa kwa jina lake mwenyewe, na polepole Ecomoda nzima inakuwa mkononi mwa katibu muhtasi anayechekwa na kila mtu. Armando anaingiwa na hofu. Rafiki yake Mario anampa ushauri mchafu: mtongoze, asije akatukimbia na mali.

Chini ya mambo ya miwani na meno, tamthilia nzima inahusu saini: nani anaaminiwa kutia sahihi kwenye hundi, na nani anatumwa kahawa akiwa na shahada mbili. Wenzake Betty, makatibu muhtasi na wahudumu wanaojiita kikosi cha wabaya wa sura, hukutana chooni kupashana habari, na maongezi yao yana ladha ambayo mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ofisini ataitambua: mshahara uliochelewa, bosi aliyeamka vibaya, mume aliyetoroka, karo ya mtoto. Walatino wanaoonekana hapa wana tabaka, wana elimu, wana uchoyo na huruma, na hakuna mzungu wa kuwatazama kutoka pembeni. Kitabu cha Guinness kiliitambua mwaka 2010 kuwa telenovela iliyofanikiwa kuliko zote. India, Ujerumani na Urusi zilitengeneza za kwao. Meksiko ikatoa *La fea más bella*, 2006 hadi 2007, ikiwa na Angélica Vale na Jaime Camil, na ikaelemea zaidi kwenye vichekesho.

Mwaka huohuo wa 2006 kituo cha ABC cha Marekani kikaanza kurusha *Ugly Betty*. Aliyeihamisha ni Silvio Horta, mzaliwa wa Miami wa wazazi Wakuba, na Salma Hayek alikuwa mmoja wa watayarishaji. Betty Suarez ni binti wa Kimeksiko anayeishi Queens, sehemu ya jiji la New York, na kufanya kazi Manhattan kwenye jarida la mitindo liitwalo Mode. Siku ya kwanza kazini anaingia na poncho nyekundu iliyoandikwa GUADALAJARA kifuani kwa herufi kubwa, katikati ya watu waliovaa nyeusi na kijivu. Aliyeibuni poncho hiyo alijua anachofanya. Betty wa Bogotá alichekwa kwa sura na kwa tabaka. Wa Queens anachekwa kwa hayo yote, na juu yake kwa mahali familia yake ilikotoka, na yeye amekivaa kile kile wanachomchekea.

Halafu kuna baba. Ignacio, mpishi hodari wa nyumbani, anahitaji dawa za moyo, bima inagoma, na katika kuhangaikia bima hiyo inafichuka kwamba amekuwa akitumia namba ya utambulisho ya mtu mwingine kwa miaka. Ghafla kichekesho cha mitindo kina wakili wa uhamiaji ndani yake, kina foleni, kina hofu ya kubishiwa hodi. Hakuna kitu kama hicho Bogotá, na hakihitajiki. Hapa ndipo Marekani imeongeza jambo la haki badala ya kunakili. Nilipenda pia kwamba runinga ya nyumbani kwa akina Suarez huonyesha telenovela, na kwamba Hayek mwenyewe alijitokeza ndani yake akiwa amevaa kama mfanyakazi wa ndani.

America Ferrera, ambaye wazazi wake walitoka Honduras, alipata Golden Globe na Emmy, tuzo kubwa za runinga ya Marekani, mwaka 2007, akawa Mlatina wa kwanza kushinda Emmy ya mwigizaji mkuu wa kike wa vichekesho.

Sasa kuchagua. Ile ya Kolombia ni ndefu kwelikweli, ya kila siku kama telenovela zote, na mwendo wake ni wa kukaa na watu. Ya Marekani ina sehemu 85 na inakimbia. Ya Kolombia inaelekea kwenye mapenzi, ya Marekani inaelekea kwenye kazi. Na ya Kolombia ina mambo yaliyochakaa: mizaha juu ya unene na sura imerundikwa, na mbunifu wa mavazi Hugo Lombardi ameandikwa ili achekwe kwa namna yake ya kutembea na kusema. Linganisha na Justin, mpwa wa Betty wa Queens, mvulana anayependa mitindo na nyimbo za jukwaani. Familia yake inamlinda, na waandishi wanamtazama kwa upendo tangu mwanzo hadi anapojitambulisha alivyo. Kwenye jambo hilo Queens imeipita Bogotá mbali sana.

Mwenye muda aanze na Bogotá. Anayeishi ugenini, Columbus au London au Doha, anayejua maana ya kupeleka karatasi ofisini na kurudishwa, aanze na Queens; msimu wa kwanza utamshika. Wote wawili nimewapenda, lakini nikilazimishwa nitamchagua wa Bogotá, kwa sababu sijaona tamthilia nyingine iliyompa msichana wa ofisini akili nyingi kiasi kile.

Jane the Virgin au One Day at a Time?

Hizi hazisimulii kisa kimoja, ila zinafaa kuwekwa pamoja kwa sababu zimesafiri pande tofauti. *Jane the Virgin*, sehemu 100 kati ya 2014 na 2019, ilichukua telenovela ya Venezuela ya mwaka 2002 na kuipeleka Miami. *One Day at a Time* ya 2017 ilichukua kipindi cha Marekani cha miaka ya 1970 kuhusu mama mzungu na binti zake, ikakihamishia kwa familia ya Kikuba mtaa wa Echo Park, Los Angeles. Ya kwanza ni telenovela iliyohamia Marekani. Ya pili ni nyumba ya Kimarekani iliyopata wenyeji wapya.

Katika zote mbili kuna vizazi vitatu chini ya paa moja, bibi, mama na watoto, na katika zote mbili bibi ndiye moyo wa nyumba. Alba, bibi yake Jane, husema Kihispania karibu wakati wote, na Jane humjibu kwa Kiingereza. Wanaelewana kabisa. Nyumba za Waswahili walioko Ulaya na Marekani zinaishi hivyohivyo, bibi na Kiswahili chake, mjukuu na lugha ya shule, na sijui tamthilia nyingine iliyouonyesha mpango huo kwa muda mrefu bila kuugeuza kuwa tatizo.

Alba hana karatasi za uhamiaji. Msimu wa kwanza anaumia, analazwa, na hospitali inapanga kumrudisha Venezuela akiwa hajitambui. Hapo maandishi yanatokea kwenye skrini kumwambia mtazamaji kwamba jambo hili hutokea kweli na aende akatafute mwenyewe. Kipindi ambacho dakika mbili kabla kilikuwa na mapacha waovu na mauaji hotelini kinasimama ghafla na kukutazama usoni. Gina Rodriguez, anayemwigiza Jane, alipata Golden Globe mwanzoni mwa 2015, anastahili. Na baba yake Jane, Rogelio, nyota wa telenovela mwenye majivuno na moyo wa mtoto, ni yule yule Jaime Camil wa *La fea más bella*, akiichezea kazi yake mwenyewe kwa mapenzi makubwa.

*One Day at a Time* ni ya sebuleni, na kicheko cha watazamaji kinasikika. Penelope, aliyeigizwa na Justina Machado, ni nesi na askari mstaafu aliyehudumu Afghanistan, anayeishi na mfadhaiko wa vita na anayemeza dawa zake huku mama yake akinung'unika. Ni mara chache sana runinga ya Marekani imemwonyesha mama Mlatina akizungumza wazi juu ya afya ya akili. Mama yake, Lydia, ni Rita Moreno tena. Ametoka Kuba akiwa mtoto kwenye mpango wa Pedro Pan, ambao kati ya 1960 na 1962 ulipeleka Marekani watoto zaidi ya 14,000 bila wazazi wao. Mwishoni mwa msimu wa kwanza kuna sherehe ya binti kutimiza miaka 15. Baba yake, aliyegundua kwamba binti anapenda wasichana, anaondoka kabla ya ngoma ya baba na mwana. Binti anabaki peke yake katikati ya ukumbi. Mama anaingia kucheza naye, kisha bibi, kisha wote. Nimeitazama mara kadhaa na kila mara koo hukaba.

Netflix iliifuta baada ya misimu mitatu, mwaka 2019. Kituo cha Pop kikaichukua kwa msimu wa nne, ambao janga la korona liliukata.

Mtu mmoja anaweza kulalamika, na malalamiko yake ni ya haki, kwamba Machado na Moreno ni wa Puerto Rico wanaoigiza Wakuba, na kwamba familia ya Kivenezuela ya Jane imejaa waigizaji wa Puerto Rico pia. Hollywood huona Mlatino yeyote anatosha mahali pa Mlatino mwingine. Hata hivyo nyumba hizi mbili zimeandikwa kwa undani unaofanya ulizoee jambo hilo haraka, hasa ya pili, ambayo Gloria Calderón Kellett, Mmarekani wa wazazi Wakuba, alikuwa mmoja wa waliounda.

Kwa anayependa visa vya kupindapinda, siri na kuachwa na kiu kila sehemu inapoisha: Jane. Kwa anayetaka nusu saa baada ya kazi: One Day at a Time. Zote mbili zinazungumza wazi kuhusu ngono na ndoa, kwa hiyo kama unatazama na wakwe, jipange.

Narcos au Roma?

Hii nitaipitia haraka upande mmoja na taratibu upande mwingine.

*Narcos*, iliyoanza 2015, ni hodari kwa kusisimua. Lakini Kolombia yake ni Kolombia ya unga, na sauti inayotusimulia ni ya afisa wa Kimarekani. Pablo Escobar aliigizwa na Wagner Moura, Mbrazili aliyejifunza Kihispania kwa ajili ya kazi hiyo, na Wakolombia wengi waliilalamikia lafudhi yake. Ukimaliza misimu yote utakuwa umejua majina ya wauaji na wapelelezi. Hutajua mtu wa Medellín alikula nini asubuhi.

*Roma* ya Alfonso Cuarón, mwaka 2018, ni filamu ya Meksiko, nyeusi na nyeupe, kwa Kihispania na Kimixteko, lugha ya wenyeji wa asili wa Meksiko. Mhusika wake mkuu ni Cleo, msichana wa kazi katika nyumba ya watu wa tabaka la kati jijini Mexico, miaka ya 1970 na 1971. Yaani ni yule yule ambaye Hollywood ilimweka pembeni akipita na sinia. Hapa kamera inakaa naye. Kuna jioni familia inatazama runinga pamoja, Cleo anapiga magoti kando ya kochi, mtoto anamwekea mkono begani, wote wanacheka. Kisha mama mwenye nyumba anamwomba akamletee bwana chai. Cleo anainuka. Hakuna aliyemkosea adabu, na bado umeona kila kitu kuhusu upendo wa nyumba ile na mipaka yake. Nyumba nyingi za Dar es Salaam na Nairobi zina dada wa kazi anayependwa na watoto na anayekula baadaye. Ningependa filamu hii itazamwe kwenye nyumba hizo.

Cleo ni Yalitza Aparicio, msichana wa asili kutoka Tlaxiaco, Oaxaca, aliyekuwa amesomea ualimu na hakuwahi kuigiza. Alipendekezwa kwa Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Filamu yenyewe ilipata 3, ikiwemo ya uongozaji. Ni ya polepole. Robo saa ya kwanza ni maji ya kudeki, mbwa na gari kubwa linaloingia kwenye njia nyembamba. Vumilia. Kati ya hizi mbili sina haja ya kufikiri: Roma.

Kwa watoto: Coco au Encanto?

*Coco* ya Pixar, 2017, ina historia inayofaa kujulikana. Mwaka 2013 Disney ilijaribu kusajili jina la sikukuu ya wafu ya Wameksiko kuwa alama yake ya biashara. Watu walikasirika, na mchoraji wa vibonzo Lalo Alcaraz akaichora Disney bila huruma. Kampuni ikarudi nyuma, kisha ikamwita Alcaraz mwenyewe awe mmoja wa washauri. Adrian Molina, Mmarekani mwenye asili ya Meksiko, akawa mwongozaji mwenza. Matokeo yake yanaonekana: mabibi wenye makobazi mkononi, picha za marehemu mezani, maua ya chungwa njiani. Meksiko iliipokea kwa wingi uliovunja rekodi ya mapato ya nchi hiyo.

*Encanto* ya Disney, 2021, iko Kolombia. Ndani ya familia moja ya Madrigal kuna weupe, maji ya kunde na weusi, na hakuna anayeshangaa. Félix na watoto wake ni Wakolombia weusi, wana nywele zao, wana uchangamfu wao. Nyimbo ni za Lin-Manuel Miranda, na jambo hilo lina uzito, kwa sababu mwaka uleule filamu ya *In the Heights*, iliyotokana na mchezo wake wa jukwaani kuhusu mtaa wa Washington Heights wenye Wadominika wengi, ililaumiwa kwa kuwaacha weusi pembeni, naye akaomba radhi hadharani. Mtoto wa Kiafrika anayetazama *Encanto* anamwona Antonio, mvulana mdogo mweusi anayezungumza na wanyama, na anaelewa bila kuambiwa kwamba Mlatino anaweza kufanana naye.

Kwa mtoto wa miaka minne au mitano, *Encanto*: nyimbo nyingi, rangi, hakuna adui wa kutisha. Kwa wa miaka minane kwenda mbele, na hasa kama familia imefiwa na babu au bibi karibuni, *Coco*, lakini kaa naye, kwa sababu maswali yatakuja wakati wa wimbo wa mwisho kwa bibi Coco. Kama nyumbani kuna anayejifunza Kihispania, chagua toleo la Kihispania la *Coco*: Gael García Bernal ndiye sauti ya Héctor, mmoja wa wahusika wakuu, katika matoleo yote mawili, na sauti ya bibi Imelda ni ya Angélica Vale, yule Betty wa Meksiko.